Kufuatilia Ukoo wa Kinormani Ayalandi: Mwongozo Kamili kwa Mfano wa Akina Barry wa Cork

Mwaka 1169, chini ya kuta za mji wa Wexford, kijana aitwaye Robert de Barry alitangulia wenzake kuuparamia ukuta. Akaangushiwa jiwe kutoka juu, likampata kwenye kofia ya chuma, akaporomoka hadi ndani ya handaki, na wenzake wakamtoa kwa taabu. Miaka 16 baadaye magego yake yaling'oka kwa sababu ya pigo lile, na cha ajabu zaidi, yakaota mengine mahali pake. Tunayajua haya kwa sababu Robert alikuwa na mdogo wake msomi, Gerald, kasisi aliyeandika kwa Kilatini habari za vita vile vya Wanormani, wapiganaji wenye asili ya kaskazini mwa Ufaransa, kuivamia Ayalandi, na ambaye hakusahau kuwataja jamaa zake.

Habari hii naipenda, na ndiyo inayonirudisha kwenye ukoo huu kila mara. Lakini mtu aitwaye Barry leo, awe Cork, kusini mwa Ayalandi, au Boston, hawezi kuruka kutoka kwa babu yake hadi kwenye magego ya Robert. Katikati ipo miaka zaidi ya 850, majina yaliyobadilika mara nyingi, ardhi iliyonyang'anywa, na moto ulioteketeza nyaraka za nchi nzima. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuupita umbali huo hatua kwa hatua. Mfano wangu ni akina Barry, ila njia ni ileile kwa Roche, Burke, Butler, Prendergast au Fitzgerald.

Jambo moja lishike tangu mwanzo: katika Ayalandi ya zama za kati, ardhi huacha alama nyingi kuliko damu. Watu walizaliwa na kufa bila kuandikwa popote, lakini shamba lilipotolewa, likarithiwa, likagombewa mahakamani au likawekwa wakfu kwa monasteri, kuna karani aliyetia wino kwenye ngozi. Kwa hiyo kila unapokwama, uliza ni nani aliyeshika ardhi ile, na aliipata kwa nani.

Hatua ya kwanza: anza na walio hai, ukitafuta kitongoji

Sehemu hii ni rahisi na sitakaa nayo sana. Anza na wazee wako, kisha rudi nyuma kizazi kwa kizazi. Usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo ulianza Ayalandi mwaka 1864, na ndoa zisizo za Kikatoliki ziliandikwa tangu 1845. Sensa za 1901 na 1911 zimebaki nzima na zinasomwa bure kwenye intaneti. Rejesta za parokia za Kikatoliki, ambazo vijijini nyingi huanzia miaka ya 1820 hivi, ziliwekwa kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Ayalandi mwaka 2015. Kwa katikati ya karne ya 19 kuna orodha ya uthamini wa ardhi iitwayo Uthamini wa Griffith, iliyochapishwa kati ya 1847 na 1864, ikitaja mpangaji wa kila kipande cha ardhi na mwenye ardhi aliyemkodisha.

Unachotafuta katika rekodi zote hizi ni jina la kitongoji. Ayalandi imegawanywa katika vitongoji zaidi ya 60,000, vidogo sana, na vingi vimebeba jina lilelile tangu zama za kati. Ukijua tu kwamba babu alitoka Cork, hujapata kitu cha kufanyia kazi. Ukijua kitongoji, utajua parokia yake, na juu ya parokia utajua baronia, yaani wilaya ya kale iliyokata mipaka yake kwa kufuata himaya za makabaila. Mtu akiniambia babu yake alitoka baronia ya Barrymore, mashariki mwa Cork, najua tayari kwamba amesimama kwenye ardhi iliyopewa akina Barry katika karne ya 12.

Hatua ya pili: lihoji jina

Msomaji wa Kiswahili ana faida hapa, kwa sababu neno "bin" analijua. *Fitz* la Kinormani, lililotokana na neno la Kifaransa la "mwana", ni bin. *Mac* la Kigaeli, lugha ya wenyeji wa Ayalandi, nalo ni bin. Maurice fitz Gerald ni Maurice bin Gerald, basi. Mwanawe hakuitwa Fitzgerald. Aliitwa Gerald fitz Maurice, na mjukuu akawa Maurice fitz Gerald tena. Jina la pili lilibadilika kila kizazi kama linavyobadilika kwa watu wanaotumia bin hadi leo. Ukikuta hati ya mwaka 1200 yenye mtu anayeitwa fitz Gerald, usidhani mara moja kwamba umempata mtu wa ukoo wa Fitzgerald. Huenda ni mtu yeyote ambaye baba yake aliitwa Gerald. Wala usiamini maneno ya mitaani kwamba fitz maana yake ni mwana wa nje ya ndoa. Wapo waliozaliwa hivyo, lakini neno lenyewe halisemi hilo.

Majina mengine yalitokana na mahali. Hapo watu wengi hupotea, kwa sababu mahali penyewe mara nyingi hapako Normandy. Gerald mwenyewe anaeleza kwamba ukoo wake ulichukua jina kwenye kisiwa cha Barry, kusini mwa Welisi. Prendergast ni mahali karibu na Haverfordwest, Welisi vilevile. Cogan iko jirani na Cardiff. Roche ni ngome ya Roch huko Pembrokeshire, na waanzilishi wa ukoo huo hata Wanormani hawakuwa: walikuwa Waflemi, watu wa Flanders waliohamishiwa Pembrokeshire na Mfalme Henry I wa Uingereza. Richard fitz Godebert, aliyefika Ayalandi mwaka 1167, ni wa ukoo huo, ingawa jina lake halina neno Roche ndani yake. Ukimtafuta kwa jina la Roche hutamwona.

Zaidi ya hayo, makarani waliandika Kilatini. Roche huwa *de Rupe*. Burke huwa *de Burgo*. Butler ni *Pincerna*, maana yake mnyweshaji wa bwana, cheo ambacho ukoo ule ulikirithi. Walsh ni *Walensis*, Mwelisi tu, na ndiyo maana watu wa jina hilo ni wengi mno na hawana babu mmoja. Tengeneza orodha ya maumbo yote ya jina lako kabla hujafungua hati hata moja. Ya Barry iwe na *de Barri*, *de Barry*, *Barrymore*, na umbo la Kiayalandi *de Barra*.

Kisha jiulize swali lisilopendwa: je, jina hili kweli ni la Kinormani kwa familia hii? Kuna koo za Kigaeli, Ó Báire na Ó Beargha, ambazo baadhi ya watu wake waliandikwa Barry walipoandikwa kwa Kiingereza. Fitzpatrick inasikika kama ya Kinormani kabisa, kumbe ni Mac Giolla Phádraig, ukoo wa Kigaeli. Upande wa pili, Costello inasikika ya Kigaeli, nayo imetoka kwa akina Nangle, Wanormani waliojiita Mac mapema kuliko wengine. Na wapo wapangaji wa kawaida waliobeba jina la bwana wao. Jina ni mlango, na mlango mmoja huingiza watu wengi.

Hatua ya tatu: tambua ukoo ulifika na wimbi lipi

Wanormani hawakuingia Ayalandi kwa siku moja. Mwaka 1166 Diarmait Mac Murchada, mfalme wa Leinster, alifukuzwa katika ufalme wake, akavuka bahari kuomba msaada kwa Henry II, mfalme wa Uingereza. Alirudi mwaka 1167 na kikosi kidogo. Mei 1169 Robert fitz Stephen na Maurice de Prendergast walitua Bannow, pwani ya Wexford. Agosti 1170 akaja Richard de Clare, aliyejulikana kama Strongbow, akateka Waterford na kumwoa Aoife, binti Diarmait. Oktoba 1171 Henry II alikuja mwenyewe, kwa kuwa hakutaka Strongbow ajifanye mfalme ng'ambo ya bahari, na kabla ya kuondoka mwaka 1172 alimpa Hugh de Lacy ardhi ya Meath. Mwaka 1177 John de Courcy aliivamia Ulster. Mwaka 1185 akaja John, mwana wa mfalme, pamoja na watu wapya: Theobald Walter, chimbuko la akina Butler, na William de Burgh, chimbuko la akina Burke.

Jambo hili lina maana kubwa kwa mtafiti. Waliofika 1169 na 1170 wengi walitoka kusini mwa Welisi na walikuwa ndugu kwa ndugu. Asili yao itafutwe Pembrokeshire. Waliofika na John mwaka 1185 walikuwa watu wa baraza lake, na asili yao itafutwe Uingereza kwenyewe. Ukijua wimbi, unajua nyaraka za upande wa pili wa bahari uzitafute wapi.

Akina Barry ni wa wimbi la kwanza, na udugu wao una mama mmoja katikati: Nest, binti wa Rhys ap Tewdwr, mfalme wa Deheubarth, kusini mwa Welisi, aliyeuawa mwaka 1093. Nest aliolewa na Gerald wa Windsor, msimamizi wa ngome ya Pembroke, na kutoka kwao ukatokea ukoo wa Fitzgerald. Binti yao Angharad aliolewa na William de Barry wa Manorbier, akazaa Robert, Philip na Gerald mwandishi. Kwa Stephen, msimamizi wa ngome ya Cardigan, Nest alimzaa Robert fitz Stephen. Kwa Mfalme Henry I alimzaa Henry, baba wa Meiler fitz Henry, naye alikuwa Ayalandi tangu mwanzo. Ukiichora shajara hii kwenye karatasi utaona kwamba uvamizi wa 1169 ulikuwa kwa kiasi kikubwa safari ya watoto na wajukuu wa Nest. Wanaofuata mstari wa baba peke yake hawalioni hilo kabisa, na naona ni hasara kubwa.

Hatua ya nne: ifuate ardhi

Sasa tunafika kwenye kiini. Mwaka 1177 Henry II aliwapa Robert fitz Stephen na Milo de Cogan ufalme wa Cork, ambao bado ulikuwa mikononi mwa akina Mac Carthaigh, ukoo wa Kigaeli. Mwaka 1182 Milo aliuawa pamoja na mwana wa Robert fitz Stephen, nchi ikalipuka, na mzee Robert akazingirwa mjini Cork. Mwanzoni mwa 1183 Philip de Barry alivuka bahari kwenda kumsaidia, na Gerald alikuwa naye. Philip hakwenda kwa huruma peke yake: alikuwa na ardhi ya kulinda. Robert alikuwa amempa kantredi tatu, yaani mikoa mitatu ya ukubwa wa baronia, na muhimu kuliko zote iliitwa Olethan. Jina hilo ni matamshi ya Kinormani ya Uí Liatháin, ukoo wa Kigaeli uliotawala pale kabla yao.

Mwaka 1207 Mfalme John alimthibitishia William de Barry ardhi ile kwa hati. Isome taratibu, kwa sababu sentensi moja inabeba vizazi viwili na sababu ya urithi: mfalme anathibitisha zawadi aliyoitoa Robert fitz Stephen kwa Philip de Barry, baba yake William. Hapo una baba na mwana kwa uhakika, bila kubahatisha. Na uhusiano wa Robert na Philip, ambao Kiingereza hukwama kuutaja kwa neno moja, Kilatini kina *avunculus*, nasi tuna mjomba. Robert alikuwa ndugu wa Angharad kwa mama, kwa hiyo alikuwa mjomba wa Philip. Kilatini kina neno jingine, *patruus*, kwa ndugu wa baba. Makarani waangalifu hawakuyachanganya, na wewe usiyachanganye. Ukiandika "ankali" kwenye daftari lako umeitupa nusu ya ushahidi.

Baada ya zawadi ya kwanza, tazama bwana mpya alifanya nini na ardhi. Kwa kawaida aligawa vipande kwa askari na ndugu zake kwa malipo ya utumishi wa kivita, akajenga ngome, akaanzisha mji na soko, akaweka wakfu mapato kwa nyumba ya watawa. Kila kimoja kati ya hivyo kilizaa hati. Mwaka 1234 David de Barry alipewa na mfalme ruhusa ya soko na maonyesho huko Buttevant, kaskazini mwa Cork, maonyesho yakiwa karibu na sikukuu ya Mtakatifu Luka, Oktoba 18. Kando ya mji huo kuna mabaki ya nyumba ya watawa wa Augustino ya Ballybeg, iliyoanzishwa na akina Barry mwaka 1229, na ndani ya mji kuna kanisa la Wafransisko la mwaka 1251. Vitabu vya hati vya nyumba za watawa ni hazina: hata abasia ya Mtakatifu Thomas ya mbali huko Dublin, iliyoanzishwa 1177, ilihifadhi hati za makanisa waliyoyatoa walowezi wa Cork. Usisome jina la mtoaji tu. Soma orodha ya mashahidi mwishoni, kwa sababu ndipo walipo wadogo zake, wakwe, na askari waliotoka naye kijiji kimoja Welisi.

Hatua ya tano: jua nyaraka ziko wapi baada ya moto

Juni 30, 1922, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la hifadhi ya nyaraka ndani ya mahakama za Four Courts, Dublin, lililipuka na kuungua. Hati za mahakama na za hazina za tangu karne ya 13 ziliruka angani juu ya mji kama majivu. Wengi huishia hapo, wakisema hakuna kilichobaki. Si kweli.

Kwanza, mfalme alikaa Uingereza, na nakala za zawadi, amri na hesabu zilibaki huko. Leo ziko katika Hifadhi ya Taifa, Kew, London. Muhtasari wa zile za 1171 hadi 1307 ulichapishwa na Sweetman katika majuzuu 5 kati ya 1875 na 1886, na ndiko utakakoipata hati ya William de Barry. Pili, wasomi wa karne ya 19 walikuwa wamekwisha kunakili na kuchapisha mengi kabla ya moto. Tatu, Chuo cha Trinity, Dublin, kimezijenga upya hati za ofisi ya mhuri wa Ayalandi za kuanzia 1244 hivi hadi 1509 katika mkusanyo uitwao CIRCLE, bure mtandaoni. Na tangu Juni 2022, miaka 100 baada ya moto, ipo hifadhi ya kidijitali ya Virtual Record Treasury of Ireland, inayokusanya nakala kutoka maktaba mbalimbali za dunia na kuzirudisha kwenye rafu zilipokuwa. Anzia hapo. Andika umbo moja la jina, kisha jingine, kisha jina la kantredi.

Koo kubwa zilitunza hati zao zenyewe. Za akina Butler, kwa mfano, ziko Maktaba ya Taifa ya Ayalandi, na muhtasari wake ulichapishwa katika majuzuu 6. Kwa mashariki mwa Cork, usikikose kitabu cha ardhi za askofu wa Cloyne, kilichoanzishwa karne ya 14, chenye majina ya wapangaji wa askofu, akina Barry wakiwemo.

Upande wa Wagaeli, soma tarikh za mwaka kwa mwaka zilizoandikwa na watawa na wasomi wao: ya Inisfallen kwa Munster, kusini mwa nchi, ya Loch Cé na ya Connacht kwa magharibi. Chuo Kikuu cha Cork kimeziweka bure katika mkusanyo wa CELT, nyingi zikiwa na tafsiri ya Kiingereza. Tarikh hizi huwataja Wanormani wanapouawa, wanapoteka ng'ombe na wanapojenga ngome. Na katikati ya karne ya 17 Dubhaltach Mac Fhirbhisigh, bingwa wa nasaba wa Kigaeli, alipokusanya kitabu chake kikubwa, aliingiza koo za Kinormani pia. Kwake walikuwa wamekwisha kuwa watu wa nchi.

Hatua ya sita: mitego ya kusoma

Hati huhesabu miaka tangu mfalme atawazwe. Mwaka wa tisa wa Mfalme John ulianza Mei 31, 1207 ukaisha Mei 14, 1208, kwa sababu miaka yake ilihesabiwa kutoka sikukuu ya Kupaa, nayo huhama kila mwaka. Tumia jedwali, usikisie. Zaidi ya hapo, mwaka wa kawaida ulianza Machi 25 hadi mabadiliko ya 1752, hivyo Februari 1316 ya karani ni Februari 1317 yetu.

Neno *nepos* linaweza kuwa mjukuu au mpwa. Usichague unachokipenda. Subiri hati ya pili.

Majina ya kwanza hurudiwa bila huruma: David, William, Philip, John, tena David. David wawili wa miaka 30 mbalimbali wakiunganishwa kuwa mmoja, shajara nzima inapinda. Mpe kila mmoja karatasi yake, na usiwaunganishe mpaka ardhi ikulazimishe.

Na Gerald, pamoja na mapenzi yangu kwake, alikuwa akiwapigia debe ndugu zake. Aliiita Manorbier, alikozaliwa, mahali panapopendeza kuliko pote Welisi. Mwamini anapotaja nani ni mjomba wa nani. Mwangalie kwa jicho la pili anapotuambia nani aliushinda mji.

Hatua ya saba: fuata matawi yalipokuwa ya Kigaeli

Karne ya 14 ilivunja mambo mengi. Edward Bruce aliivamia Ayalandi kutoka Uskoti mwaka 1315, na tauni ikafika 1348. Mwaka 1333 William de Burgh, mkuu wa Ulster, aliuawa akiacha binti mchanga. Jamaa zake wa kiume wa Connacht, magharibi mwa nchi, waligawana ardhi na kujiita Mac William, wa juu na wa chini. Mwaka 1366 bunge la Kilkenny lilipiga marufuku walowezi kutumia lugha, sheria na majina ya Kigaeli, na kuwapeleka watoto wao kulelewa kwa Wagaeli. Marufuku hiyo yenyewe ni ushahidi kwamba ndivyo walivyokuwa wakiishi.

Kwa mtafiti, maana yake ni kwamba ukoo mmoja hutawanyika katika majina mengi. Tawi la akina Bermingham likawa Mac Feorais, wana wa Piers, na humo limetoka jina Corish. Akina Staunton wa Mayo wakawa Mac Evilly. Akina Barry walibaki na jina lao lakini wakagawanyika kwa vyeo vya Kigaeli: Barry Mór, yule mkubwa, Barry Óg, mdogo, Barry Rua, mwekundu, ambaye nchi yake ya Barryroe bado iko kwenye ramani ya pwani ya Cork. Tawi jingine liliitwa Mac Adam Barry. Usijiandikie "Barry wa Cork" bila kujua ni tawi lipi. Katika miaka ya 1550 mstari mkuu wa Barry Mór ulikatika na ubwana ukahamia kwa Barry Rua, kwa hiyo cheo kiliendelea ila damu ilipita njia nyingine. Orodha za nasaba za mabwana zilizochapishwa hupita juu ya kona hiyo kana kwamba ni mtoto kumrithi baba.

Kwa karne ya 16, tafuta hati za amri za utawala wa Tudor, ukoo wa wafalme wa Uingereza, ziitwazo fianti, nyingi zikiwa za msamaha. Serikali ilipowasamehe waasi iliandika majina ya watu wengi waliokuwa chini ya bwana fulani, mara nyingi kwa mnyororo wa aina ya David fitz James fitz Richard, pamoja na kijiji chake na kazi yake. Vizazi vitatu katika mstari mmoja! Hati asili ziliungua 1922, lakini muhtasari wake ulikuwa umekwisha kuchapishwa.

Hatua ya nane: daraja lililovunjika, 1600 hadi 1800

Hapa ndipo utafiti mwingi hufia, na ni bora ujue mapema. Rejesta za parokia hazirudi nyuma vya kutosha, na ardhi ilibadilisha mikono kwa nguvu. Vitabu vya Ugawaji na Upimaji vya karne ya 17 vinaonyesha aliyemiliki kila kitongoji mwaka 1641 na aliyepewa baada ya unyang'anyi wa Cromwell, kiongozi wa Uingereza aliyeiteka Ayalandi. Ramani za upimaji wa Down za 1656 hadi 1658 ziko bure kwenye tovuti ya Chuo cha Trinity. Kisha, tangu 1708, kuna Masijala ya Hati za Ardhi mjini Dublin, yenye mikataba ya kukodisha inayotaja baba na wana.

Linganisha orodha mbili: nani alishika kitongoji chako mwaka 1641, na nani alikuwa mpangaji pale wakati wa Griffith. Jina lilelile likiwa mahali palepale, mara nyingi wenye ardhi wa jana ndio wapangaji wa leo. Hiyo ni dalili nzuri. Usiiandike kama uthibitisho.

Hatua ya tisa: nenda pale, au angalau ifungue ramani

Hifadhidata ya majina ya mahali, Logainm, inatoa umbo la Kiayalandi la kila kitongoji na maandishi ya kale yanayolitaja, bure. Serikali pia ina ramani ya mambo ya kale yenye vilima vya ngome za kwanza za udongo, mashamba yaliyozungushiwa handaki la maji, na minara ya mawe ya karne ya 15 na 16. Kilima cha ngome na kanisa la kale vikiwa pamoja, huenda umefika kwenye makao ya mlowezi wa kwanza. Ukipata nafasi ya kusafiri, simama Barryscourt karibu na Carrigtwohill, kisha Castlelyons, kisha Buttevant. Umbali kati yao utakufundisha ukubwa wa himaya kuliko hati yoyote.

Vinasaba, yaani DNA, vije mwisho. Kipimo cha kromosomu Y, inayopita kutoka baba hadi mwana, kinaweza kuonyesha kama wanaume wawili wenye jina moja wana babu mmoja. Hakuna alama ya Kinormani ndani ya damu. Wanormani wenyewe walikuwa mchanganyiko, na waliokuja 1169 walikuwa na damu ya Kiwelisi na ya Kiflemi pia. Na nembo za ukoo zinazouzwa kwenye maduka ya watalii ziache. Nembo hutolewa kwa mtu na warithi wake, haitolewi kwa jina.

Hatua ya kumi: andika kwa madaraja

Mimi huweka kila kiungo cha shajara katika daraja moja kati ya matatu: hati, dalili, au simulizi. Kwa akina Barry karatasi ya kwanza ingesomeka hivi. William de Barry wa Manorbier, mume wa Angharad: simulizi, lakini ya mwanawe mwenyewe, Gerald. Philip, mwana wa William: Gerald tena, na kwa umiliki wa Olethan, hati. William, mwana wa Philip: hati ya 1207. David wa soko la Buttevant, 1234: hati kwa ardhi yake, kwa baba yake, acha nafasi wazi, andika kwa penseli, na urudi kwenye orodha za mashahidi.